Fundi Aliyegeukia Ukuta

Fundi wa kompyuta wa sokoni Kasongo hufuta vidole kwenye suruali kabla ya kushika karatasi ya mtu. Mteja anapoandika neno lake la siri, yeye hugeukia ukuta na kungoja, hata kwa mwenye vidole vizito kama Mama Nadine. Nyumba ya mama huyo ilipoungua Salamabila, diploma ya binti yake Nadine iliungua nayo. Ilibaki picha tu, kwenye zile mashine za mbali ambazo fundi huziita wingu, na wiki nzima mtandao wa Kasongo ulikataa kuifungua. Basi fundi alipoalikwa Kindu, kwenye mkutano wa washirika wa kampuni ya wingu, kila mmoja na mteja wake, akampakia Mama Nadine kwenye pikipiki.

Jukwaani, bwana mwenye tai wa kampuni akamwekea mama kompyuta. "Ingia, mama, tuone." Ukumbi mzima ukamkodolea macho. Mama akaisogelea kompyuta: picha isipopatikana, kazi ya ualimu Kabambare itampita Nadine.

Fundi akasimama. "Mama iko anaandika," akasema kwa sauti yake ndogo ya siku zote. "Tugeuke." Akageukia ukuta.

"Ee, huyu mutu wa Kasongo!" wakacheka. Yeye hakutikisika. Mmoja mmoja wakageuza viti, hata bwana mwenye tai.

Mama Nadine akatafuta herufi zake bila haraka.

"Tugeuke sasa, mama?" fundi akauliza baadaye.

"Bado, papa," akajibu, akijifuta macho kwa kitenge. "Diploma iko. Muniachie kidogo niitazame."