Bomu la Mama Mkwe

Aibu hii ningeendelea kuificha, lakini shangazi yangu keshaisambaza Busia yote, pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo heri niisimulie mwenyewe kabla hajaiongezea chumvi.

Mdogo wangu Wandera alikuwa anakwenda kujitambulisha ukweni, Kiyeyi kule Tororo, Uganda, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuwa msemaji wetu kwa sababu nina mdomo (hilo hata wasionipenda hawabishi) na yeye ana kigugumizi, akisimama mbele ya watu maneno yanamkwama kooni. Wakwe walikuwa wamesema wazi kwamba tukifika baada ya saa sita mchana, turudi kwetu.

Saa tatu asubuhi tuko mpakani, watu tisa, wanaume suti, wanawake magauni ya gomesi, zawadi zote shangazi amezifunga kwa karatasi za kumetameta, maana zawadi ya ukweni haifunguliwi njiani. Sasa sisi tunaovuka kila siku tumezoea kutaniana na maofisa, ukiulizwa umebeba nini unasema umebeba wake wawili, wanacheka, unapita. Kumbe siku hiyo yupo ofisa mgeni, mama mmoja mtulivu aliyehamishwa kutoka uwanja wa ndege. Akalitazama boksi letu kubwa kwenye mashine, akauliza ndani kuna nini. Ilikuwa sufuria ya presha. Mimi, kwa kuwa nilikuwa naupasha mdomo moto kwa ajili ya ukweni, nikajibu kwa sauti ili foleni nzima icheke:

"Bomu la mama mkwe."

Hakucheka mtu. Geti likafungwa, malori yakasimamishwa, watu wakatolewa nje, wenzangu wakapangwa juani na mimi nikawekwa kando kwenye benchi, huku zawadi zikifunguliwa moja moja na karatasi za shangazi zikipeperuka kurudi Kenya. Nikajitetea kwamba ni utani tu. Yule mama akaniambia polepole, kwa Kiswahili chake cha Uganda:

"Mzee, wewe nacheka. Mimi nikicheka, na siku moja ikuwe kweli, nani nazika hawa watu?"



Saa tano wakawaachia wenzangu, mimi nikabaki kuandika maelezo. Nilimwona Wandera akipanda gari na ile sufuria mapajani, hata hakunitazama.

Watu huniuliza kama adhabu ile ilikuwa ya haki. Kwangu mimi ilikuwa ya haki, ingawa siku ile niliapa kwamba yule mama ana roho mbaya. Lakini mimi nilikaa kivulini kwenye benchi na maji nikapewa, na shangazi yangu mwenye miguu mibovu ndiye aliyesimama juani saa mbili nzima kwa neno ambalo hakulisema. Hapo ndipo inaponishinda, na wala sijui wangefanyaje vingine.

Waliniachia saa kumi. Nikapiga simu, akapokea shangazi, nyuma yake vigelegele. Akasema tumekubaliwa. Nikauliza nani alituzungumzia.

"Mwenyewe," akasema. "Ilichukua muda, lakini walinyamaza wote mpaka akamaliza."

Tangu hapo nikiulizwa mpakani nimebeba nini, nataja nilichobeba na kufunga mdomo. Wandera hajanilaumu hata siku moja. Ila nina ndugu mmoja tu, na siku aliposimama kuongea mbele ya watu, mimi nilikuwa Busia naandika jinsi sufuria ya presha inavyofanya kazi.