Taa Niliyoing'oa Kwenye Gari la Mwalimu

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, na hata leo sijaisahau. Nilikuwa fundi kijana hapa Kericho, nimetoka juzi tu kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai ambako baba yangu, Mkisii, alikuwa mchumaji. Kichwa kilikuwa kimenivimba. Katika gereji yote ni mimi peke yangu niliyejua kutumia mashine ya kusomea makosa ya injini, na Mzee Onyango aliyenifundisha kazi alikuwa bado anasikiliza magari kwa masikio. Nilimwonea huruma, hebu fikiria.

Mwalimu Chebet alikuja kutoka Kimulot, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi ya gari lake, petroli inaisha upesi. Nikachomeka mashine. Ikataja sensa ya oksijeni, kile kidude kinachofungwa kwenye bomba la ekzosi kupima hewa inayobaki petroli ikishaungua. Sikuangalia kitu kingine. Nilifungua ya zamani, nikafunga mpya, nikafuta kosa, taa ikazima. Mwalimu akanishukuru, nami nikajiona daktari.

Baada ya wiki mbili akarudi. Taa ilikuwa imewaka tena. Safari hii alikuwa na mama yake, bibi mwembamba aliyejifunika blanketi, ambaye Mwalimu alikuwa anampeleka kliniki ya presha kila Jumatano. Gogo, kama Wakipsigis wanavyomwita bibi, alishuka polepole, akanishika mkono.

"Kijana, hii kari inaniumisa kichwa," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kipsigis. "Nikitoka, napona."

Nilicheka, mwanangu. Nikamwambia, "Gogo, ni kona za barabara tu. Utazoea." Mwalimu naye akacheka kidogo kwa aibu, akamrudisha kwenye kiti cha mbele na kumwashia hita, maana mvua ilikuwa inanyesha na baridi ilikuwa kali. Mimi nilikuwa na shida yangu: sikutaka Mzee Onyango ajue kwamba kazi yangu imerudi. Nikafungua dashibodi, nikaing'oa balbu ya ile taa. Nikamwambia Mwalimu ilikuwa hitilafu ya waya, na kwamba nimeitengeneza. Nilidanganya hivyo bila kupepesa macho.

Jumatano iliyofuata gogo alizimia kabla hawajafika Kericho. Vioo vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya mvua. Harufu walikuwa wameisikia, lakini wakadhani ni moshi wa kuni za viwanda vya chai, ambao huku kwetu hakuna anayeushangaa. Wachumaji waliokuwa kando ya barabara walimtoa gogo, wakamlaza kwenye nyasi, hewa ikamrudisha. Mwalimu mwenyewe alikuwa anayumba. Gari likavutwa hadi gereji.

Mzee Onyango hakunigombeza. Asubuhi, injini ikiwa baridi, alipaka maji ya sabuni pale ekzosi inapoungana na injini, akaniambia niwashe, kisha akaziba mdomo wa bomba la nyuma kwa tambara. Mapovu yakatoka. Gaskiti, ile pedi inayoziba maungio hayo, ilikuwa imepasuka, na masizi yamejichora pembeni yake. Hewa ilikuwa inaingia hapo, sensa ikasema ilichokiona, kwamba hewa imezidi, injini ikazidisha petroli. Na moshi ulikuwa unavujia chini ya boneti, hita inauvuta ndani, hadi miguuni pa gogo.

"Sensa ilikuambia, ukaitoa," akasema Mzee. "Taa ikakuambia, ukaing'oa. Na huyo mama, yeye hakukuambia?"

Nikasema aliniambia.

Tulibadilisha gaskiti. Nikaipima ile sensa niliyoifunga, nikaona namba zake zimeganda, hazipandi wala hazishuki, kwa kuwa masizi yalikuwa yameshaiharibu. Tukafunga nyingine. Balbu niliirudisha kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha nikaenda na Mwalimu hadi Kimulot, nikamweleza gogo kila kitu, pamoja na ule uongo.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Sawa," akasema. "Jumatano utakaa na mimi ndani ya kari. Tirisha tufunge."

Jumatano ilipofika nikakaa nyuma yake, Mwalimu akiendesha. Vioo juu, hita inavuma. Sijawahi kuitazama taa kama nilivyoitazama ile, nikiomba kwamba kama kuna neno, iseme. Tulipofika katikati ya mashamba ya chai, gogo akainamisha kichwa, akafumba macho. Nikapiga kelele, "Gogo! Gogo!"

Akafungua jicho moja. "Nimelala tu, mwanangu. Wacha kelele."

Nililia hadi Kericho, na sioni haya kukuambia.

Wewe leo una simu inayosoma makosa ya injini, na ni vizuri, isome. Lakini taa ikiwaka, ingia chini ya gari ujue kwa nini, kabla hujabadilisha kitu. Kazi yako ikirudi, sema imerudi. Na kabla ya kufungua boneti, muulize anayekaa ndani ya gari anajisikiaje, hata kama Kiswahili chake kinakuchekesha, hata kama hajui jina la kifaa hata kimoja. Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, akupe na masikio. Na kila atakayeondoka gerejini kwako, akisinzia njiani, uwe ni usingizi tu, na akiitwa aamke.