Leseni ya Bahari Iko Kabatini Mwangu

Mume wangu kazaliwa Nandagala, kalima korosho Nandagala, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuingia ni ya beseni. Mtu huyo ndiye aliyeniambia, uzeeni, kwamba anataka kuwa mvuvi wa baharini. Tena si wa kitoweo, wa biashara!

Nikajua huyu ananiachia ujane. Kuogelea hajui. Wiki nzima alifanya mazoezi ya kurusha wavu uani, akanasa jogoo wangu pamoja na kamba ya kuanikia nguo. Boti tulishainunua Lindi, kwa ufuta wangu. Aliniambia tutaikodisha, nami mjinga nikaamini.

Siku ya kwenda Lindi kuomba leseni nikapanda naye basi. Alidhani namsindikiza. Thubutu! Nilikwenda kuharibu.

Wala sikupata kazi ya kuharibu, aliharibu mwenyewe. Afisa uvuvi, binti mwenye adabu zake, alimwamkia, kisha akauliza:

"Mzee, utavua samaki gani?"

"Wa daraja la kwanza tu, kama korosho zangu. La pili sipeleki mnadani."

"Na zana?"

"Zimekamilika. Bomba la kupulizia dawa, buti na barakoa."

Binti akainamia makaratasi, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mimi nilikodolea ukuta nisicheke, maana mzee wa watu alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi.

"Kuogelea unajua, mzee?"

Mzee akanyoosha kanzu yake. Binti akafunua karatasi za boti, akasoma jina langu.

"Kumbe boti ni ya mama. Basi mwombaji ni yeye."

Nikapewa kalamu. Hapo ningesema sitaki, yakaisha. Nikamtazama mume wangu: kafumbata mikono magotini, hata kunitazama anaogopa. Moyo ukaniuma, nikatia saini.

Leseni ilipotoka niliiweka kabatini, chini ya vitenge, ufunguo ninao mimi. Nikamwambia, "Baba watoto, hii huigusi mpaka ujue kuogelea."

Sasa kila Ijumaa baada ya swala anaingia lamboni, kajifunga madumu mawili matupu, anapiga maji kwa hasira na hasogei hata hatua. Nusu ya kijiji huja kumcheka. Nami nakaa ukingoni, nimeshika kamba niliyomfunga kiunoni. Nacheka kuliko wote, ila kamba siiachii.