Karanga za Safari ya Ziwani

Mwezi uliopita wajukuu wangu walikaa sebuleni kwangu, hapa Butembo, wakipanga matembezi ya ziwani. Watashuka na gari, watafuata maji kwa miguu, watalala kwenye plage moja, yaani ufuko, iliyojificha chini ya mlima, ambako hakuishi mtu. Mmoja akaniuliza, "Koko, ile fasi ulishaka kufika?" Nikamjibu kwamba sijafika, mais kuipanga nimeipanga kuliko yeye na ukoo wake wote. Wakacheka. Wacha wacheke. Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi, maana machozi yalishanifika na mimi sipendi kulia mbele ya watoto.

Plage ile ni kwao mama yangu. Baba alikuwa mchuuzi wa samaki, Mwislamu wa Beni. Alimkuta mama huko kwa wavuvi, akamuoa, wakaishi hukohuko mwanzoni. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa pale, msichana, akafa kwa homa kabla hajajifunza kutembea. Wakamzika chini ya jabali, mahali mchanga unapokutana na majani. Sisi tulimwita Yaya, dada mkubwa, ingawa alikuwa mdogo kuliko sisi sote.

Halafu serikali ya wazungu ikasema ukingo wa ziwa una ugonjwa wa usingizi, na tena nchi ile sasa ni ya wanyama. Walinzi wa parki walifika asubuhi. Mama alikuwa ameenda kuokota kuni, aliporudi nyumba zilikuwa zinawaka na watu wanasukumwa kupanda mlima na mizigo yao kichwani. Akasukumwa naye. Kwenye lile jabali hakufika.

"Mutoto hapana jua kama tuliondoka," alikuwa akisema, huku anamenya ndizi, sauti yake ya kawaida kabisa. "Ataamuka, atatafuta batu, atakosa. Donc lazima mutu aende kumwambia."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa haja yake, hapakuwa na nyingine. Hakutaka kurudi kukaa, wala shamba, wala samaki. Alitaka kufika pale, akae chini, amwambie mtoto wake kwamba tumehama, tuko Beni, tuko wazima. Mtu ambaye hajaacha mtoto mahali anaweza kuona ni upuuzi. Mimi siuoni.

Ilipokuja Depanda, yaani uhuru, watu walicheza barabarani mpaka viatu vikaisha soli. Mama hakucheza. Alikaanga karanga. Alisema wazungu wakiondoka na walinzi wao wataondoka, kwa hiyo kiangazi hiki tunakwenda. Alizikaanga kwenye mchanga wa moto, akazipepeta, akazitia chumvi, akazifunga kwenye mfuko wa kitambaa cheupe, akaufunga kwa kamba. Kisha akatupangia safari yote. Kamio ya baba, lori lake la samaki, itatushusha Kasindi. Kutoka pale tunafika kwenye maji, na kuanzia hapo maji yakae mkono wa kushoto, mpaka mwisho. Mto unaotoka ziwani tutauvuka kwa mtumbwi. Viboko wanalisha nje usiku, alfajiri ndipo wanarudi majini, kwa hiyo saa hiyo hatutembei. Mahali mlima unapoingia majini tutashika kamba, mimi mbele yake, mdogo wangu mgongoni kwa baba. Alitufanyisha mazoezi, wallahi! Kila Jumapili tulipanda na kushuka kilima cha nyuma ya nyumba na mizigo kichwani, majirani wanauliza kama akili zetu zimeruka.

Baba alikwenda Kasindi kuuliza. Akarudi amekaza midomo.

"Balinzi biko palepale," akasema. "Kofia ni ileile, kichwa tu ndicho walibadilisha."

Baada ya siku kadhaa baba akaufungua mfuko, akatugawia karanga. Hiyo ikawa desturi ya nyumba yetu. Mfuko ukifungwa hakuna kugusa, hata ufe njaa. Baba akisema mwaka huu haiwezekani, tunakula. Na nitasema kweli: mdogo wangu alikuwa anafurahi. Alikuwa mtoto, alipenda karanga, alijua zikifunguliwa hatutembei na tunakula. Alikuwa anakaa karibu na mfuko ule anamwuliza baba, "Bado haiwezekani?" Hata mama alikuwa anacheka.

Mwaka uliofuata wanajeshi walichukua kamio ya baba kubebea vitu vyao. Tukala karanga. Mwaka mwingine walifunga barabara. Tukala. Kisha ukaja mwaka ambao mambo yalinyooka: kamio ilirudi, walinzi wa parki hawakulipwa wakatawanyika, na baba alipata mtu wa mtumbwi aliyesema atatungoja. Mama alishona nguo mpya. Nyeupe, ya kwenda kumwona mtoto. Mfuko ulikaa karibu na mlango na kamba juu yake.

Ndipo waasi, wale waliojiita Simba, wakaingia Beni.

Sina hamu ya kusimulia yale. Walikuwa wanatafuta wachuuzi na makarani, watu wenye meza na watu wenye gari. Kamio waliichukua siku ya kwanza. Mwenzake baba, waliyekuwa wanabeba samaki pamoja, walimtoa nyumbani mchana na hakurudi. Jioni ile mama alifunga kanga kiunoni, akatuangalia mmoja mmoja, akasema, "Sawa. Munajua kutembea."

Na kweli tulijua. Tulitoka Beni kwa miguu kuelekea Uganda, kwa njia za mashambani, na kila mtu alijua mzigo wake na nafasi yake, kamba iko wapi, chumvi iko wapi, nani anambeba mdogo wangu akichoka. Watu wengine walitupa vyombo njiani. Sisi hatukutupa hata kijiko. Safari ilikuwa imepangwa vizuri mno, ila tu haikuwa hiyo. Nilikuwa na hasira mpaka leo sijui nilimkasirikia nani.

Karibu na Kasindi njia inagawanyika. Moja inakwenda mpakani, nyingine inateremka ziwani. Maji yalikuwa yanaonekana kule chini, meupe kwa jua. Mama akasimama.

"Baba batoto," akasema, "ni pale tu."

Baba hakumtazama. "Mama, hapana. Basoda biko huko na bunduki, na basimba biko nyuma. Batatuua bote."

"Ngojeni hapa na batoto. Nitaenda peke yangu."

"Peke yako wapi? Na mtumbwi wa nani?" Sauti ya baba ilivunjika. "Tutarudi. Kiangazi kingine. Nakuapia."

Watu walikuwa wanatupita wakikimbia. Mama aliangalia ziwa. Kisha akakaa chini vumbini, akashusha mfuko kichwani, akaanza kufungua kamba. Ilikuwa kazi ya baba kuufungua, lakini safari hii aliufungua mwenyewe.

"Kuleni," akasema.

Mdogo wangu, yule mlafi wa karanga, akaficha mikono nyuma na kuanza kulia. "Hapana, mama, hapana fungua! Mimi sitaki!" Mama akamshika mkono, akaukunjua, akamwekea karanga kiganjani. Tulikula tukitembea. Nilikuwa natafuna na kumeza bila kujua ladha yake.

Upande wa pili wa mpaka tulipokelewa na familia moja ya wachuuzi waliomjua baba. Mama hakuzungumzia ziwa tena. Mvua zilipoanza akashikwa na homa, na hakuinuka. Alizikwa na ile nguo nyeupe ndani ya sanda, baba ndiye aliyeomba iwe hivyo. Kwetu wanawake hawaendi kuzika. Nilibaki uani na wenye nyumba, nikasikia wanaume wanarudi wananawa mikono.

Siku ikafika wakasema Beni kumetulia. Kamio ya mtu ilikuwa inarudi, imejaa, injini inanguruma. Mdogo wangu alikuwa ameshapanda. Baba akanipa mkono nipande, nikakataa.

"Nioneshe kwanza."

"Mama, gari itatuacha," akasema. Alikuwa ameanza kuniita mama.

"Ituache."

Dereva alipiga honi, akatukana. Baba akanitazama, kisha akatangulia njia, mbio, mpaka kwenye kaburi ambalo majani yalikuwa yameanza kulifunika. Nilikaa chini kabisa, nguo yote ikajaa udongo, nikaweka kiganja juu yake.

"Mama," nikamwambia, "tunaondoka. Tunarudi Beni. Usiamuke ukatutafuta."