Mialiko Mitano ya Mzee Kajetani

Ting. Hiyo ni kengele ndogo ya mashine ya taipu, inayolia mwisho wa mstari. Lidwina Ngonyani aliisikia kwa miaka kumi na tisa katika ofisi moja ya serikali mjini Songea, mpaka mwaka 1994 jina lake liliposomwa kati ya waliopunguzwa. Baadaye alipata kazi ya kuchapa katika duka la Nassoro, mfanyabiashara kutoka Tunduru, pale Mjimwema.

Mwaka 1998 Nassoro aliuza mashine, akaleta kompyuta. Kompyuta moja, kiti kimoja. Akamleta pia Nasrin, binti wa dada yake, aliyesomea kompyuta Dar es Salaam miezi mitatu.

"Mama, nakupa mpaka Ijumaa," Nassoro alimwambia Lidwina. "Mialiko hii ya harusi ya mteja ikitoka sawa, kiti chako. Isipotoka, anakaa Nasrin."

Lidwina alichapa upesi kuliko mtu yeyote mtaani. Shida ilikuwa moja: kila alipofungua mwaliko mpya, uliufunika wa kwanza. Yeye alizoea kwamba karatasi isiyoonekana mezani imepotea, kwa hiyo aliichapa upya. Kufikia Alhamisi mchana mwaliko wa mgeni wa kwanza, mzee Kajetani, ulikuwa umechapwa mara tano, na wageni wengine thelathini hawajaguswa.

Nasrin alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, akila karanga.

"Mama, huyu mzee Kajetani mbona anaalikwa tu? Au ndiye bwana harusi?"

"Nyamaza, mtoto wewe. Humu ndani karatasi zinaliwa."

"Haziliwi, mama. Zimelaliana."

Akaacha karanga zake, akasogea. Hakushika mausi, alionyesha kwa kidole orodha ndefu ya Kiingereza ya mipangilio ya programu.

"Hapo inauliza madirisha yafunikane au yajipange yenyewe. Chagua yajipange. Chini yake weka tiki, ikumbuke hivyo kila ukiiwasha."

Lidwina alibofya. Kioo kikagawanyika, na mialiko mitano ikatokea ubavu kwa ubavu, yote ya Kajetani.

"Atakula pilau ya ukoo mzima!" Nasrin alicheka, mkono tumboni.

Lidwina hakucheka. Alifunga minne, akafungua mpya. Ulikwenda wenyewe kukaa kando ya ule wa kwanza. Akautazama kidogo, kisha akaanza kuchapa.

Ijumaa saa kumi jioni Nassoro alisoma mialiko yote, mmoja mmoja, akitafuta kosa. Hakulipata.

"Haya, mama. Kiti chako." Akamgeukia mpwa wake. "Wewe, Jumatatu kuna gari la Tunduru."

Akatoka kwenda kuswali. Nasrin alibaki amesimama, akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

Lidwina hakugeuka. Alijisogeza ukingoni, nusu ya kiti ikabaki wazi.

"Njoo ukae," alisema, kwa sauti ambayo hata mtu wa mlangoni asingeisikia.