Iegemee Kwanza Meza ya Sinki

Nakumbuka asubuhi moja ya Idi, mwanangu Rehema, bibi yako mzaa baba alipokuja hapa Usagara kuitazama meza ya kunawia iliyokuwa ikizungumzwa na majirani wote. Nilikuwa bado bibi harusi, kanga zangu bado zinanukia duka. Nakuhadithia wewe, lakini na mwenzako yeyote anayejenga mjini asikilize, maana ugonjwa wenu ni mmoja. Nakuhadithia nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa kumenishinda. Begi la baba yako liko mlangoni tangu mvua za kwanza. Kila siku nalifungua, natoa shuka lake, nalikunja upya, nalirudisha.

Unajua kwa nini. Baba yako alipopata kiharusi, mkono na mguu wake wa kulia vikalegea, daktari alitaka awe karibu na mazoezi ya viungo mjini. Ukasema, mama, njooni Buswelu, nyumba inakaribia kwisha, bafu na choo viko ndani, baba hatahangaika kutoka nje. Nikakuombea dua. Nyumba ikaisha kweli, ikabaki bafu, na katika bafu ikabaki meza ya sinki. Na meza ya sinki, mwanangu, haijaisha mpaka leo.

Kwanza uliweka graniti nyeusi. Nikaja nikaiona, nikasema alhamdulillahi, tuhamie. Haikukaa hata kidogo ukaniambia nyeusi imepitwa na wakati, kila tone la maji linaacha alama, sasa watu wanaweka nyeupe yenye mishipa ya kijivu. Ikang'olewa. Ikaja nyeupe, nikafunga begi. Ukaona kwenye simu ubao mnene wa mninga, na sinki lenyewe halizami tena kwenye meza, limekaa juu yake kama bakuli la uji. Nyeupe nayo ikang'olewa. Baba yako huniuliza kila baada ya sala ya alfajiri kama leo tunakwenda, nami humjibu kwamba fundi anamalizia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema waliotutangulia, na langu linauma kweli.

Basi turudi kwenye ile Idi. Baba yako alikuwa fundi mwashi kijana, na fasheni ya siku zile ilikuwa terazo: vipande vya mawe vinachanganywa na simenti, vinaachwa vikauke, kisha vinasuguliwa kwa jiwe na maji mpaka ving'ae. Wenye nacho kule mjini walikuwa nayo, nami nikaitaka, na mdomo wa kutaka nilikuwa nao. Baba yako akaokota changarawe nyeupe ufukweni mwa ziwa, akaongeza vipande vya matofali mekundu. Sahani yangu ya bluu ya harusi ilikuwa imevunjika, nikampa aiponde, aitie humo. Likatoka bamba zuri ajabu. Alipotaka kulijengea nguzo za matofali nikakataa, nikamwambia zitaifanya meza ionekane ya kishamba, aipachike tu ukutani kwa vyuma viwili. Akacheka, akafanya nilivyotaka. Bwana harusi mpya hakatai kitu.

Majirani wakaja kutazama. Nikaitandikia kitambaa cha kufuma, juu yake nikaweka maua ya plastiki, na aliyetaka kunawa nilimwelekeza kwenye ndoo. Usinicheke. Hata wewe umeshanunua kijimti cha plastiki kwa ajili ya hilo bafu lako, nimekiona kimefichwa nyuma ya mlango.

Bibi yako, Bi Tatu, alifika baada ya sala. Alikuwa mwanamke mzito, goti moja bovu, na kusifu hakukuwa kazi yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikampeleka nyuma ya nyumba nikiwa najivuna kama jogoo. Akakitoa kile kitambaa, akakikunja, akanipa mkononi. Akanipa na maua. Kisha akaweka viganja vyote viwili juu ya terazo na kuegemea kwa uzito wake wote, kama anavyoegemea mtu anayetaka kuinua mguu autie udhu. Meza ikalia. Upande mmoja ukashuka, na vumbi la lipu likamwagika miguuni pake.

Hakupiga kelele. Aliondoa mikono taratibu, akanitazama.

"Mke wa mwanangu," akasema, "hii umeiweka kwa ajili ya mikono au kwa ajili ya macho?"

Akaendelea kwa sauti ya chini, akaniambia kwamba mahali pa kunawia ndipo mtu anapokuwa na mguu mmoja hewani, au sabuni machoni, au ametoka kitandani na homa yake. Wageni huja kutazama wakiwa wazima, akasema, lakini wenye nyumba hufika pale siku ambazo si wazima. "Kitu cha kunawia kiegemee kabla hujakisifu." Halafu akaomba chai.

Mpaka leo nikikumbuka, masikio yanapata moto. Sikukuu haijaisha baba yako akawa amejenga nguzo mbili za matofali, pana, nzito, utadhani anajengea tangi la maji. Ziliharibu umbo, sikatai. Na ndizo zimesimama mpaka sasa. Wewe umeoshwa uso juu ya meza ile kabla hujajua kutembea. Bibi yako aliiegemea mpaka alipoitwa na Mola wake. Sasa ni zamu ya baba yako. Kila asubuhi anaulaza mkono wake mgonjwa juu ya terazo, anaegemeza kiuno, na kwa mkono wa kushoto ananyoa ndevu zake mwenyewe. Anajikata kidogo, ndiyo, lakini hataki nimguse. Kwa siku nzima hicho ndicho kitu pekee anachokifanya bila mimi, na akimaliza hugeuka kuangalia kama nimeona.

Jumamosi iliyopita nilikuja Buswelu kuuona huo ubao wa mninga. Fundi wako Masanja alikuwa ameshaupachika. Ni mzuri, nitasema uongo kwa faida ya nani? Umetoka ukutani bila nguzo, taa imefichwa chini yake, sinki limekaa juu. Ukaniambia, "Mama, siku hizi zinaelea." Usione vyaelea, vimeundwa, nikajisemea moyoni, nikamuuliza Masanja humo ndani umeundwa kwa kitu gani. Akajibu kwa adabu kwamba ni vyuma vidogo, vikubwa vingeonekana, na mama mwenye nyumba hakutaka vionekane. Nikanyoosha viganja. Ukanidaka mkono.

"Mama, taratibu. Hiyo siyo ya kuegemea."

Sikuwa nimeigusa bado, mwanangu. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka, nawe ukadhani nimekasirika, ukanipigia simu mara kwa mara nisipokee. Sikuwa na hasira. Nilikuwa naogopa. Njia nzima nilimwona baba yako amesimama mbele ya ubao ule, wembe mkononi, anatafuta mahali pa kuulaza mkono wake. Nyumbani nilizunguka uani mpaka kuku wakanikimbia.

Halafu jana ukanitumia picha. Umeachana na mninga, ukaandika, umeona kitu kipya kabisa, mji mzima unakitaka. Nikafungua. Terazo! Nyeupe, vipande vyekundu, punje za bluu. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka baba yako akaita kuuliza kuna nini, nikampelekea simu. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akaisogeza karibu na macho. Kisha akasema, kwa ule ulimi wake ulio mzito siku hizi:

"Mwambie... ya kwangu ina miguu."

Sina busara ya kuzidi hiyo, Rehema, lakini mimi ni mama yako, lazima niongeze. Sikukatazi kupenda kizuri. Mimi mwenyewe nilikipenda, na bado nakipenda. Weka nyeusi, weka nyeupe, weka ya mti, rangi haijawahi kumwangusha mtu. Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kabla hujauliza watu wanaweka nini, uliza ni nani atakayesimama hapo asubuhi, na mkono upi wake ndio mgonjwa. Kisha weka viganja vyako wewe mwenyewe, uegemee kwa uzito wako wote, mbele ya fundi. Ikilia, ing'olewe, na hiyo ndiyo sababu pekee ya kung'oa ninayoikubali. Nguzo zinazombeba baba yako usione haya zikionekana.

Na kama ni terazo unayoitaka, usinunue. Mwambie Masanja ajenge nguzo mbili za matofali, pana, aziache zikauke vizuri. Zikishakauka njoo na gari uichukue hii yetu. Ila uichukue siku ileile unapomchukua yeye, siyo siku moja kabla, maana asubuhi hiyo atataka kunyoa.

Mwenyezi Mungu akupe nyumba isiyoyumba, wewe na wote wanaojenga sasa hivi huku macho yao yako kwenye simu. Akupe watoto watakaoujua mkono wako mgonjwa bila kuuliza. Na kila atakayekuegemea katika maisha yako, mwanangu, asisikie kitu kikilia. Amina.