Tulivyoimba Mpaka Boliti Ikalika Meno, Njiani Kwenda Kuoa Geita

Wakuu, heshima zenu. Wenye kuniamkia, marahaba kabisa.

Jana nimesoma uzi wa kijana mmoja humu aliyejifungulia gari lake nyumbani kwa kufuata video, akakata boliti, na nyie mkamcheka kurasa nzima. Sijapenda. Mnamcheka mtu aliyeharibu boliti peke yake, kimyakimya, wakati mimi nipo humu ndani na zangu niliziharibu kwa kwaya na ngoma.

Kisa ni changu mwenyewe na chumvi sijaongeza. Anayeona ni chai apite, barabara ni pana. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Mimi kijana wa Didia, mwembamba, nina ndevu za kuhesabika na leseni ya udereva.

Ukoo wetu ulikuwa umeuza ng'ombe ukanunua lori kuukuu lililotoka vitani. Kila mkubwa wa ukoo alikuwa na kipande chake kwenye lile gari. Baba mdogo alikuwa akilipiga teke gurudumu la nyuma kushoto na kuwaambia watu, "Hili ni lile dume langu jeusi."

Dereva nilikuwa mimi. Fundi pia nilikuwa mimi, kwa sababu ni mimi tu niliyewahi kuona injini ikifunguliwa. Ilipofungwa sikuwepo.

Sasa, kulikuwa na binti anaitwa Kabula. Alikuja Didia kwa shangazi yake msimu wa kuchuma pamba, tukaonana, moyo wangu ukaisha hapohapo. Kwao ni Geita. Baba yake, Mzee Luhende, alikuwa fundi kwenye karakana ya mgodi, mtu mkali ambaye hata mlango wa nyumba yake haukuruhusiwa kulia.

Mahari ilishapelekwa. Ng'ombe walitembea kwa miguu mpaka Geita na hakuna aliyepata pancha.

Kilichobaki ni mimi kwenda kumchukua mke. Mzee Luhende akatuma neno: siku mliyoitaja wenyewe, mfike kabla jua halijazama. Likizama hamjafika, ng'ombe watarudi walikotoka.

Na hakuwa anatania. Kulikuwa na karani mmoja wa mgodini, viatu vinang'aa, aliyekuwa akipita pale kwake kunywa chai. Nilimchukia yule bwana kabla sijamwona.

Tukaondoka alfajiri. Mbele mimi na baba mdogo. Nyuma wamejaa wanaume wa kikundi chetu cha kulima.

Nieleze kidogo kwa wasiojua. Kwetu wanaume walikuwa wanalima pamoja, leo shambani kwako, kesho kwangu, kwa ngoma na wimbo. Kiongozi wa wimbo ni manju. Jembe linafuata wimbo, na ni mwiko kuacha jembe kabla manju hajafunga wimbo wake. Ukiacha katikati unatungiwa wimbo wewe, na utaimbwa mpaka mvi zikuote.

Manju wetu aliitwa Masanja. Kifua kama pipa, na subira hana.

Tumepita Kagongwa vizuri, tunacheka, nikasikia gari linalalia upande. Nikashuka. Dume jeusi la baba mdogo limekata roho.

Nikaweka jeki, nikachukua spana ya magurudumu, nikavuta nati ya kwanza. Haitikisiki. Nikapanda juu ya spana kwa miguu miwili nikaruka. Wapi.

Masanja akashuka, akanitazama, akamuuliza baba mdogo kwa upole kama bwana harusi alikula asubuhi.

Halafu wakachomoa bomba la chuma lililokuwa limeshikilia turubai, wakalivika kwenye mpini wa spana. Wakajipanga kwenye bomba kama wanaovuta ng'ombe aliyezama kwenye tope.

Wakuu, hapa nisimame kidogo. Bomba kwenye spana ni kitu kibaya sana. Mkono wako unajua pale chuma kinapoanza kulalamika. Bomba halijui. Linakupa nguvu na kukunyang'anya masikio.

Haya. Masanja akaanza wimbo.

Alianza kwa kumsifu babu yangu mzaa baba. Nati ikalia, ikasogea. Wakashangilia. Akaingia kwa babu wa babu, ikasogea tena. Mimi nimeshika gurudumu, naona kitu hakinipendezi: nati inazunguka lakini haitoki nje. Nikainua mkono waache.

Nani aniangalie? Wimbo uko katikati. Masanja ameshafika upande wa ukoo wa mama, anawataja mmojammoja, na baba mdogo anafuta machozi ya furaha. Nikapiga kelele, wakadhani naitikia.

Ghafla nati ikawa laini. Watu wakaruka juu kwa shangwe. Nikaishika kwa vidole: inazunguka tu palepale, mbele haiendi, nyuma hairudi. Meno yote yamelika.

Nikasema tusubiri kwanza. Masanja akasema tukisubiri miili itapoa, akahamia boliti ya pili na wimbo wa pili.

Huo haukufika mbali. Boliti ilikatika kwa mlio kama wa bunduki, bomba likaruka porini, wanaume wote wakaanguka lundo, baba mdogo akiwa chini kabisa.

Nikaokota kile kipande kilichokatika. Nikakigeuzageuza. Meno yake yamelala upande ambao si wake. Nikakimbilia gurudumu la kulia kulinganisha, na hapo nikaelewa.

Lile lori boliti za kushoto zilikuwa zinafunguka kinyume. Upande wa kulia unafungua kama kawaida, upande wa kushoto unageuza kwingine, ili mwendo wa gari usizilegeze. Pancha zangu zote za kabla ya siku hiyo zilikuwa za kulia, sikuwa na habari. Muda wote ule tulikuwa hatufungui. Tulikuwa tunakaza, kwa msaada wa mababu wa pande zote mbili.

Ikabidi niwaambie. Masanja akauliza, "Kwa hiyo tulikuwa tunafunga?"

"Tulikuwa tunafunga."

Akafikiri. "Basi tumefunga vizuri."

Zile tatu zilizobaki nilizifungua kinyume, peke yangu, bila bomba wala wimbo. Ile iliyolika meno ikawa kazi: tindo na nyundo, kuipasua nati taratibu mpaka iachie. Jua linakwenda na mimi nagonga chuma. Kila nikigonga namuona karani anaongezewa chai.

Tukafunga gurudumu la akiba kwa boliti tatu na kuondoka mwendo wa kinyonga. Kwenye mashimo na vilima wanaume walishuka, wakatembea kando ya lile gurudumu wakilitazama kama wanamsindikiza mgonjwa.

Tulifika Geita jua limeshazama, umebaki wekundu tu.

Mzee Luhende amesimama mlangoni, mikono nyuma. Karani amekaa kwenye kiti na kikombe chake. Nikapiga goti nikaamkia.

"Marahaba. Jua liko wapi?"

"Limezama, baba."

"Umejijibu. Geuza gari."

Baba mdogo akaanza maneno ya ubovu wa barabara, mzee akainua kiganja. Yamekwisha. Nikapanda kwenye lori, nikaliwasha, na wakuu, machozi yalinitoka nikasingizia vumbi.

Nilipoanza kugeuza, gurudumu likagonga. Mzee akageuka. Fundi ni fundi, sikio lake haliendi likizo. Akaomba taa, akachuchumaa pale nyuma.

"Boliti mbili ziko wapi?"

Nikamwambia moja ni kipande kiko mfukoni, nyingine nimeipasua nati yake na boliti yenyewe haishiki tena. Akauliza nani alifungua. Nikamweleza yote, na wimbo nikautaja. Hakucheka. Akalitikisa lile gurudumu kwa mikono miwili.

Akasimama. "Kukufukuza ningekufukuza, neno langu ni neno. Lakini gari la boliti tatu haliwezi kutoka uani kwangu likaue watu. Zima injini."

Baba mdogo hakusoma, lakini mjinga hakuwa. Akauliza kwa adabu, "Sasa mzee, gari likilala hapa, na sisi tutalala wapi?"

Hapo mzee akanaswa. Mgeni akilala lazima ale, na aliyeshakula ugali kwako huwezi tena kumwambia hakufika. Karani aliangalia lile kundi likishuka na ngoma yake, akamaliza chai, akaaga.

Tulikaa pale mpaka karakana ilipofunguliwa. Mzee alichonga boliti mbili kwa mkono wake, akaniambia nizifunge mwenyewe, akakaa kwenye kigoda kunitazama. Nikianza kuweka uzito kwenye spana, anakohoa. Nilipomaliza alizipitia zote, akatafuta kosa asilione, akaingia ndani. Kesho yake nikaondoka na Kabula, amekaa kiti cha mbele.

Kwa hiyo vijana mnaojifungulia magari, sikieni. Nati ikigoma usikimbilie nguvu, kwanza hakikisha unageuza upande unaofungua. Safisha kutu, tia mafuta, ipe muda, kunywa maji. Spana iwe saizi yake, siyo ya kubahatisha. Wakati wa kufunga anza na vidole, nati ishike meno yenyewe, halafu ndio spana, na uende kwa mkingamo, ukifunga hii uruke ya upande wa pili, usizifuate kwa kuzunguka. Ikikaa imekaa. Hakuna zawadi ya kuendelea.

Na kama umeita watu wa kukusaidia, mjue mapema nani mwenye amri ya kusema basi.

Nimemaliza. Mwenye boliti iliyomwaibisha aje hapa aseme, na yule kijana wa jana nataka nimwone, humu hakuna wa kumcheka.

NYONGEZA: Nimemsomea Mama Kulwa, yaani huyo huyo Kabula, anasema nimeruka jambo. Lori lilipoingia uani yeye alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Akatazama, akarudi ndani, akabandika chungu kikubwa cha maji ya ugali. Mama yake akamuuliza, kwani baba yako ameshawakaribisha?

Akajibu, "Bado. Hajaliona gurudumu."